Uzi wa Mkono wa Kushoto

4 Februari

Mke mwenzangu uliyenikimbia,

Salamu nakuletea nyingi, zigawe kwa wenzako wa kazini wanaokupenda. Wasiokupenda waache na njaa yao. Sisi wazima. Kuku wa madoa ameangua saba, mmoja mguu umepinda, lakini ndiye mchokozi kuliko wote. Paa la jikoni limezibwa. Aliyeshika kalamu ni jirani yetu fundi cherehani, kama siku zote. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akiongeza chumvi yake nitaijua ladha. Ya simu usinitajie tena. Simuni mtu anasema "mzima" halafu anakata. Barua unaishika, unainusa, unailalia chini ya mto.

Mume wetu hajambo. Ni mwaka na nusu sasa tangu kiharusi kimlaze upande wa kulia, na bado ni mtu wa kugeuzwa, kufutwa, kufunikwa. Maneno yake ni yale yale matatu manne, mengine anasema kwa macho. Lakini kula anakula. Sahani yake inarudi nyeupe. Hilo usilitie moyoni hata kidogo. Nimempikia mtu huyu miaka arobaini na minane, sitashindwa leo.

Wewe je, unakula? Katika ile picha uliyotuma shingo yako imekuwa kama ya jogoo aliyenyonyolewa. Na nieleze kazi yako yenyewe ni ipi. Watu wakiniuliza mjukuu wako anafanya nini huko hospitali, nasema anadunga sindano. Wananiuliza, siku nzima? Nawaambia nitakuuliza.

Tulikulea wawili, mimi na yeye, kwa hiyo majibu yako yaje ya watu wawili. Usiniandikie kikaratasi.

Mke mkubwa

(Mimi fundi naongeza kwa hiari yangu. Hujambo mwanangu? Suruali za kulalia za Mzee nimezipunguza kiuno mara mbili tangu mvua zianze. Ni ugonjwa unafanya hivyo? Bibi yako anasema mpira umelegea. Lakini mpira niliutia mimi, na mpira wangu haulegei.)


27 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Na mume wetu mpe shikamoo yake, umnong'oneze sikio la kushoto, upande ulio macho. Mimi mzima, nakula, na shingo ni ya picha tu. Wenzangu wamepokea salamu. Wasiokupenda hawapo, maana nimewasomea barua yako na wamecheka hadi mkuu wa wodi akaja kuuliza nani amekufa.

Kazi yangu, Bibi. Sindano ni kazi ndogo. Kubwa ni kutazama. Mgonjwa akiingia wodini siku ya kwanza namwuliza: tangu jana asubuhi mpaka sasa hivi umetia nini mdomoni? Simwulizi "unakula vizuri?" kwa sababu ukiuliza hivyo kila mtu anakula vizuri. Namwuliza nani anapika, nani anamlisha, anatafuna upande gani. Nafungua mdomo, natazama meno, ulimi, vidonda. Nambonyeza vifundo vya miguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, ujue pale maji yanajifanya nyama, na mizani itadanganyika. Naangalia pete kama inacheza kidoleni, nguo kama zinamvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Kisha nampima uzito, na kila wiki tena. Halafu tunapanga: huyu aongezewe mayai na maziwa, huyu alainishiwe, huyu apewe kidogo kidogo mara sita, huyu maji anywe vikombe vinane hata akikunja uso. Na sahani zikirudi tunaandika kwenye karatasi ya kitandani: yote, nusu, robo, hajagusa.

Kitanda cha saba nina bibi wa rika lako, amevunjika nyonga. Mdomo wake ni wako mtupu. Juzi ameniambia nafunga bandeji kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Huyo kila siku namwandikia "yote". Sahani inarudi utadhani imelambwa na paka.

Sasa neno la fundi limenikaa. Naomba aje na utepe wake wa kupimia nguo. Amshike Babu mkono wa kushoto, ule mzima, ulegee kando. Kutoka ncha ya bega hadi kiwiko atafute katikati, hapo auzungushe utepe, usibane wala usiache nafasi. Aandike namba. Ni hilo tu, Bibi. Mkono hausemi uongo.

Mke mdogo


22 Machi

Mke mwenzangu,

Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja, lakini moyo wake mkavu. Hatujambo. Kifaranga kilema ameliwa na mwewe. Nimemlilia kuliko walivyonililia ndugu zangu.

Umesema fundi aje apime. Fundi ana nguo za watu zimemjaa hadi kitandani, nimsumbue ya nini? Nimepima mwenyewe. Namba zenu sizijui na utepe wenu umejaa wadudu walioandikwa, kwa hiyo nimezungusha uzi, nikakata pale ulipokutana. Huo hapo, nimeufunga kwenye karatasi hii. Upime huko kwa rula yako ya hospitali. Utaona mume wetu ana mkono wa mtu. Zamani akibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, unadhani nyama ile inakwenda wapi?

Mambo ya kuuliza "tangu jana asubuhi umekula nini" yamenichekesha. Mtu akikupikia akuulize na risiti?

Yule bibi wa kitanda cha saba mpe salamu zangu. Mwambie mke mkubwa anasema bandeji kweli hujui kufunga, na ulikuwa hivyo hivyo na viatu.

Mke mkubwa

(Mimi fundi. Sina nguo zilizojaa hadi kitandani. Nilikuja na utepe siku mbili, siku zote mbili nikapokelewa mlangoni, nikapewa chai ya kusimama. Mzee sijamwona uso tangu mwezi uliopita. Nimeandika hili amekwenda kuangalia moto.)


2 Juni

Bibi, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi.

Uzi umefika, nimeupima. Ni sentimita thelathini na moja. Nimefurahi sana.

Likizo yangu ya mwezi huu nimempa mwenzangu aliyefiwa. Nitakuja mwakani. Mbusu Babu.

Mjukuu wako

Nimesahau. Salamu zako za kitanda cha saba sikuzifikisha. Pale pana mgonjwa mwingine sasa.


19 Juni

Wewe,

Leo sitoi salamu ndefu, maana hukunipa wewe. Miezi miwili na zaidi nasubiri, halafu napata mistari minane! Fundi amesoma akamaliza kabla sijaketi. Nikamwambia geuza nyuma, labda imeandikwa nyuma. Nyuma peupe.

Umeandika "mjukuu wako." Tangu lini? Wewe ni mke mwenzangu tangu ulipojifunza kumfokea mume wetu ukiwa na miaka mitatu. Mtu akianza kuniandikia kwa adabu najua kuna kitu amekivunja.

Yule bibi yuko wapi? Usiniambie pana mgonjwa mwingine. Sikuuliza kitanda, nimeuliza mtu.

Niandikie. Hata kama ni baya. Mimi nimezaa sita nikazika wanne, akiwamo mama yako, utaniambia nini cha kuniua?

Mke mkubwa


8 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu. Ya nne nimeiandika chumba cha kubadilishia nguo, mchana, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu nyumbani nikikaa mezani naona niandike habari za hali ya hewa.

Amekufa. Tarehe tatu Aprili.

Nilikwambia kila sahani yake niliandika "yote". Nilisimama mlangoni, nikaona sahani nyeupe juu ya kimeza chake, nikaandika. Siku kumi na tisa. Sikumwona akitafuna hata mara moja, Bibi. Niliiona sahani tu. Na uzito: hawezi kusimama, na mizani ya kukalia iko wodi nyingine, uiombe, uisukume ukumbi mzima, gurudumu moja halizunguki. Siku aliyoingia alikuwa kilo hamsini na mbili. Wiki iliyofuata nikaandika hamsini na mbili. Iliyofuata pia. Wodi nzima tunafanya hivyo kwa wasiosimama. Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kisha akafunguka kidonda cha kulalia juu ya matako, na hakikutaka kufunga. Daktari akataka mizani. Tukaisukuma. Kilo arobaini na nne.

Msichana wa kitanda cha nane, aliyevunjika mguu, akaanza kulia. Akasema, "Ananipa mimi. Ananiambia nimalizie zote ili nyinyi mfurahi." Nikamwinamia bibi, nikamwuliza kwa nini. Alinitazama kama wewe unavyotazama mtu aliyeuliza ujinga. Akasema, "Nikila nitataka chombo cha haja. Nikiita, mnahema."

Nikamwambia hatuhemi.

Akasema, "Wewe uliniambia 'Tena?'"

Nilisema, Bibi. Nakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa na wagonjwa ishirini na wanane na chombo chake kilikuwa cha pili asubuhi ile. Nilisema "Tena?" nikakileta, nikasahau. Yeye hakusahau. Akaona dawa ni kutokula.

Baada ya hapo nilimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, maziwa na mayai, na chombo nikakiweka tayari kabla hajasema. Alikula wiki mbili. Lakini kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani. Daktari amesema ni mambo mengi, nyonga, moyo, umri. Sawa. Lakini zile "yote" hazikuandikwa na moyo wake. Zimeandikwa kwa mwandiko wangu.

Wenzangu wananiambia nisijitese. Mkuu wa wodi hakunikaripia, angenikaripia ningelala vizuri. Mwambie Babu namkumbuka.

Mke mdogo


30 Julai

Mke mwenzangu,

Fundi amenisomea barua yako mara moja, nikamwambia aikunje. Kisha nikakaa nayo siku kumi. Leo nimemwita. Amefikiri ni salamu, amekuja na karanga.

Nimemwambia: fundi, leo utaandika kitu ambacho hukutaka kukijua, na ukimaliza hutaweza kunitazama kwa siku kadhaa. Ukishindwa kuandika sema sasa hivi nimtafute mwingine. Akasema, sema. Basi nasema.

Ule uzi ni wa mkono wangu.

Nilimshika mume wetu, nikazungusha uzi, nikaona unakutana haraka mno. Kidole changu cha gumba na cha kati vilimzunguka vikabusiana. Nikautupa ule uzi motoni. Nikakaa kitini nikakunja mkono wangu mwenyewe, huu unaofua, unaotwanga, nikakata uzi wa pili, nikakutumia.

Na hakukonda kwa ugonjwa. Nimemkondesha mimi.

Kufua, mke mwenzangu. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia iwe imesemwa. Mwaka jana nilikuwa nafua shuka tatu, nne kwa siku, na kumgeuza peke yangu, na kiuno changu kilikuwa kimeanza kupiga kelele kama mlango. Siku moja nimemaliza, nimemtandikia safi, nimeketi tu, nasikia harufu. Nikasimama mlangoni nikamwambia lile neno lako. Lile lile. Akageuza uso ukutani.

Kesho yake nikampa uji nusu kikombe. Nikaona shuka ni mbili. Nikajiambia, mtu aliyelala anahitaji chakula cha nini, habebi saruji. Keshokutwa nikaacha ya mchana. Maji nikamnyima baada ya adhuhuri. Shuka ikawa moja. Kuna siku haikuwapo hata moja, na nikaimba jikoni. Nasema ukweli. Niliimba.

Sahani ilirudi nyeupe, sikukudanganya hapo. Ilikwenda na vijiko vinne, inarudije isiwe nyeupe?

Mwanzoni alikuwa akionyesha kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilijifanya sioni. Alionyesha kama mwezi mmoja. Halafu akaacha. Na siku aliyoacha kuonyesha nilimshukuru Mungu, mke mwenzangu, nikasema amezoea. Hilo ndilo ninalolala nalo. Kumnyima nilikuwa nimechoka. Kushukuru, sijui nilikuwa nini.

Ndiyo maana fundi alikunywa chai ya kusimama.

Wewe uliona sahani tu, hukumwona mtu, tena mtu usiyemjua. Mimi nilimwona, na mtu ni wangu. Kwa hiyo huko kujitesa kwako kuna mkubwa wako hapa, panga foleni nyuma yangu.

Nikufundishe nini? Nifundishe wewe. Nifanyeje?

Mke mkubwa

(Mimi fundi. Nimeandika lote kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Nimelia juu ya neno "kikombe", ndilo lile doa. Nilimwambia, kwa nini hukuniita nikufulie? Akasema, na wewe ungehema. Sasa hivi niko kitandani kwa Mzee na utepe. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Ishirini kasoro. Njoo.)


9 Agosti

Bibi yangu, shikamoo. Fundi, shikamoo, na Mungu akulipe.

Barua imefika leo asubuhi, naijibu leo. Mambo ya kufanya nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni. Kwanza nina langu.

Nilijua.

Ule uzi nilipoupima ukawa thelathini na moja, nilijua kabla sijaweka rula chini. Mtu aliyelala mwaka na nusu, aliyepunguziwa suruali mara mbili, hawi na thelathini na moja. Mimi mwenyewe nina ishirini na saba. Na fundi alikuwa ameandika kwamba anazuiwa mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yangu, Bibi, mtu akileta habari hizo tatu wodini sihitaji hata kumwona mgonjwa. Nikaandika "nimefurahi sana". Kwa sababu nikisema si kweli, itabidi nije. Na nikija, nitabaki. Niliogopa kubaki. Yule aliyefiwa hakuwapo, likizo sikumpa mtu. Niliiacha ikapita.

Kwa hiyo foleni yako siijui ni ya nani mbele. Tusipange.

Sasa karatasi ya pembeni. Fundi akusomee polepole, uirudie kwa mdomo wako mpaka ushike.

Usimjaze kwa ghafla, Bibi, hata kama moyo unakusukuma. Mwili uliozoea njaa ukijazwa siku moja unaweza kumwua. Siku tatu za kwanza uji mwepesi wenye maziwa, nusu kikombe kila baada ya saa tatu. Kisha kikombe. Ikifika wiki, weka yai ndani, au maharage yaliyosagwa, au karanga zilizotwangwa laini. Chakula cha nguvu peke yake hakitoshi, anahitaji cha kujenga mwili, na tunda lililopondwa kila siku. Apelekwe na zahanati wiki hii hii, waangalie damu na kidonda kama kipo. Fundi, tafuta gari, mimi nawasiliana na muuguzi wa pale.

Akila akae wima, mito mitatu mgongoni, kidevu kishuke kidogo. Kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo. Subiri ameze, mtazame koo, ndipo umpe kingine. Akikohoa simama. Akimaliza, asilale mpaka nusu saa ipite.

Na shuka. Tumbo la mtu huamka baada ya kula, hasa asubuhi. Kwa hiyo akimaliza uji wa asubuhi, robo saa baadaye mkalishe kwenye chombo hata kama hajaomba. Msubiri, msimulie hadithi. Fanya hivyo kila siku saa ile ile, na wiki mbili haziishi utaona tumbo limejifunza. Maji akinyimwa choo kinakuwa kigumu, kisha kinapasuka chenyewe, kwa hiyo maji mengi ni shuka chache, Bibi, si nyingi. Chini yake tandika nailoni, juu yake nguo kuukuu zilizokunjwa, ubadilishe hizo badala ya shuka nzima. Kumgeuza asimgeuze mtu mmoja peke yake. Wawili.

Huku nimeanza na mizani ile. Gurudumu nimelitia mafuta mwenyewe. Kila Jumatatu naisukuma, wenzangu wananiita Dereva. Sahani tupu siiandiki mpaka nimemwona mtu akitafuna.

Nimeomba likizo ya Oktoba. Nimesema siku arobaini au waniandikie barua ya kuacha kazi. Wamenipa.

Mke mdogo


28 Septemba

Mke mwenzangu, Dereva,

Salamu ulizotuletea zimegawanywa, fundi amechukua fungu kubwa kuliko letu. Kuku wa madoa amelalia tena. Mwewe nimemwandalia manati.

Zahanati tulikwenda. Yule muuguzi wako hakuniuliza "anakula vizuri". Aliniuliza tangu jana asubuhi. Nikamjibu yote, kijiko kwa kijiko, na ya mwaka mzima pia. Hakuhema. Nilikuwa namtazama kifua.

Karatasi ya pembeni naijua yote kwa moyo, niulize lolote. Mito mitatu. Kidevu kishuke. Nimtazame koo. Miaka arobaini na minane sikujua kuwa mume wetu akimeza anafumba jicho moja. Kila saa tatu nina kikombe mkononi. Ningekuwa naye hivi tukiwa vijana tungezaa ishirini. (Fundi anasema hataki kuandika hilo. Ameandika.)

Nilimwambia. Nilingoja hadi wiki ya pili, apate nguvu ya kunikasirikia. Nikaketi kitandani nikamwambia nilikunyima, haukuwa ugonjwa, nilikuwa mimi, na ulipoonyesha kikombe nilikuona. Akageuza uso ukutani. Siku mbili nzima nilimlisha akitazama ukuta, anafungua mdomo kama mtu anayefungua mlango kwa mpangaji asiyemtaka. Siku ya tatu mkono wa kushoto ulitoka chini ya blanketi ukanishika. Hapa juu, kati ya bega na kiwiko, pale pale tunapompima. Akabana. Sijui ndiyo kusamehe, au alitaka kuona mimi nimebaki na nyama kiasi gani. Sikumwuliza. Nilikaa mpaka mkono ukanifa ganzi.

Na juzi amesema neno jipya, la kwanza tangu aanguke. Nimempa uji, ameonja, ameniangalia, amesema, "Chumvi." Nikalia. Kisha nikakasirika. Miaka yote hiyo, na arudi na malalamiko!

Uzi huu hapa. Ni wa mkono wake wa kushoto, fundi ameshuhudia, amefunga fundo mwenyewe. Umezidi kipimo cha fundi cha Julai kwa upana wa ukucha wa gumba. Nimetia na wangu, mweusi, usije ukasema sikuletei. Wangu umepungua. Usinikaripie, ndipo unapotakiwa kupungua.

Ya chombo asubuhi tumeifaulu siku tano kwa saba. Hizo mbili zinatushinda. Fundi ameshona vitambaa kumi na viwili kwa mabaki ya nguo za watu, kwa hiyo mume wetu anavaa gauni la arusi la mtu fulani chini na yeye hajui. Tunafua wawili, ubavu kwa ubavu. Fundi anahema kama fahali, lakini ni mafua.

Ukija usinitafute jikoni kwanza. Ukishuka kwenye gari utazame nyuma ya nyumba, kwenye kamba. Ule mwaka nilioimba ilikuwa tupu, na kila apitaye njiani aliisifu nyumba yangu kwa usafi. Sasa imejaa kuanzia mlango wa uani hadi kwenye uzio. Leo pekee ni shuka tatu na vitambaa tisa.

Uvihesabu vyote, mke mwenzangu, kabla hujaingia kumwamkia.

Mke mkubwa